Akaunti za familia na udhibiti wa wazazi kwenye kompyuta ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwenye meza yangu ya ufundi na kwenye vikao vya wazazi shuleni kwa watoto wangu. Mengi yanahusu Windows 11, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye laptopu nyingi za nyumbani. Mwenye Windows 10 atakuta hatua karibu zilezile, ingawa huduma yake ya kawaida kutoka Microsoft ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini. Ikiwa kompyuta yako imewekwa Kiswahili, palipoandikwa Settings utakuta Mipangilio.

## Misingi

Kompyuta ni moja na sisi ni familia. Kwa nini kila mtu awe na akaunti yake?

Kwa sababu kila akaunti ina folda zake, historia yake ya kivinjari, nywila zake zilizohifadhiwa na barua pepe yake. Mnapotumia akaunti moja, mtoto anayetafuta katuni amekaa juu ya kila kitu chako.

Mama mmoja fundi cherehani aliwahi kuniletea laptopu yake huku machozi yanamlengalenga. Vipimo vya sare za harusi vilikuwa kwenye folda moja pale mbele ya skrini. Mwanawe wa miaka 7 aliambiwa na gemu kwamba nafasi imejaa, akalivuta kila aliloliona mpaka kwenye pipa la takataka, kisha akalimwaga pipa. Tulichopata ni nakala ya wiki 3 nyuma aliyokuwa amemtumia mdogo wake kwa WhatsApp. Wateja waliobaki ilibidi awaite upya, mmoja mmoja, awapime. Mtoto hakukosea lolote. Aliwekwa mahali ambapo kila kitu kinafutika.

Msimamizi na mtumiaji wa kawaida wanatofautianaje?

Msimamizi, ambaye kwenye skrini huitwa Administrator, anaweza kusakinisha programu kwa ajili ya wote, kufungua na kufuta akaunti, kubadili saa ya kompyuta, kuzima ulinzi na kufungua folda za watu wengine. Mtumiaji wa kawaida, yaani Standard user, anafanya kazi zake zote za kila siku lakini hagusi mambo hayo.

Tofauti yao huonekana pale skrini inapofifia na kidirisha kikatokea kuuliza kama unairuhusu programu fulani ifanye mabadiliko. Msimamizi huulizwa Yes au No tu, na mtoto siku zote atabonyeza Yes, maana anataka gemu lifunguke. Mtumiaji wa kawaida huombwa nenosiri au PIN ya msimamizi, na hapo lazima aje kwako. Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote yaliyoandikwa hapa, fanya hili: mtoto awe mtumiaji wa kawaida. Bila hilo, vichujio na vikomo vyote vinavyofuata anaweza kuviondoa mwenyewe.

Nitajuaje akaunti ninayotumia ni ya aina gani?

Fungua Settings, kisha Accounts, kisha Your info. Chini ya jina lako pameandikwa Administrator kama wewe ni msimamizi. Ili kubadili aina ya akaunti ya mwingine, rudi kwenye Accounts, fungua Other users au Family, bonyeza jina lake, kisha Change account type. Kompyuta lazima ibaki na msimamizi angalau mmoja. Usiishushe akaunti yako kabla hujajaribu kuingia kwenye ile nyingine na kuona inafanya kazi.

Akaunti ya Microsoft na akaunti ya ndani zina tofauti gani?

Akaunti ya ndani hukaa kwenye kompyuta hiyo tu: jina na nenosiri, hakuna barua pepe. Akaunti ya Microsoft imefungwa na anwani ya barua pepe na inatambulika kwenye kompyuta yoyote utakayoingilia. Kwa mzazi jambo la kujua ni kwamba huduma ya Microsoft Family Safety, yenye vikomo vya muda, vichujio na ripoti, haifanyi kazi kwa mtoto mwenye akaunti ya ndani. Ukitaka kumdhibiti mtoto bila akaunti ya Microsoft, soma swali la amri ya net user na lile la DNS huko chini.

Mtoto ametumia akaunti yangu kwa miaka. Nianzie wapi?

Usimwachie hiyo ya zamani, hata kama magemu yake yote yamo humo. Ina barua pepe yako na nywila zako, na kuzisafisha zote huwezi kuwa na uhakika. Mfungulie yake mpya, hamisha picha na kazi zake za shule kupitia folda ya Public iliyomo ndani ya C:\Users, kisha badili nenosiri na PIN yako siku hiyohiyo. Baada ya hapo ingia kwenye kivinjari chako na uondoe kadi ya benki kama ilihifadhiwa.

Mwambie mapema. Mtoto anayeamka na kukuta amefungiwa nje atatumia akili zake zote kutafuta mlango mwingine. Aliyeambiwa kwamba sasa ana sehemu yake mwenyewe, yenye jina lake na picha aliyoichagua, huipokea kwa furaha. Kwetu nyumbani binti yangu alichukua nusu saa kuchagua picha ya nyuma ya skrini, na hakuuliza hata mara moja kuhusu vikomo.

## Kufungua akaunti ya mtoto

Hatua ni zipi?

Ukiwa umeingia kama msimamizi mwenye akaunti ya Microsoft, nenda Settings, Accounts, Family, kisha Add someone. Kama mtoto hana barua pepe, chagua Create one for a child na umtengenezee anwani mpya. Utaulizwa tarehe yake ya kuzaliwa na utatakiwa kutoa ridhaa yako kama mzazi. Baadaye mtoto aingie mara ya kwanza kompyuta ikiwa na intaneti, achague PIN yake, kisha wewe ufungue family.microsoft.com kwenye simu au kompyuta na uanze kuweka vikomo. Kundi moja la familia huchukua watu 6, nawe ukihesabiwa.

Kabla hujaondoka, rudi Family uangalie kwamba chini ya jina lake hapakuandikwa Administrator.

Niweke tarehe yake halisi ya kuzaliwa? Rafiki yangu alimwongezea mwanawe miaka ili mambo yawe rahisi.

Weka ya kweli. Umri ndio unaotumika kupanga magemu na programu anazoruhusiwa kuchukua kwenye duka la Microsoft. Ukimfanya mtoto wa miaka 9 awe na 19, huduma itamchukulia kama mtu mzima, na wewe utabaki kuhangaika na vitu ambavyo vingejifunga vyenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa akaunti ya Google, ambako nchi nyingi mtoto huruhusiwa kujisimamia akaunti yake kuanzia miaka 13, na kabla ya hapo mzazi humsimamia kwa Family Link, huduma ya Google ya udhibiti wa wazazi.

Mwanangu ana miaka 5. Nenosiri atalikumbukaje?

Mpe PIN ya tarakimu 4. PIN ya Windows inafanya kazi kwenye kompyuta ileile ilipowekwa tu, hivyo hata rafiki yake akiijua hawezi kuitumia kuingia kwenye barua pepe yake kutoka kwingine. Mtoto wa umri huo lakini ukae naye, kompyuta ikiwa sebuleni. Hakuna kichujio kinachomfaa mtoto wa miaka 5 kama mtu mzima aliyekaa karibu naye.

Dada anayetusaidia nyumbani, wageni na shangazi zao wakitaka kutumia je?

Akaunti ya mgeni iliyokuwemo kwenye Windows za zamani siku hizi haipo, na hata jina Guest ukijaribu kulitumia litakataliwa. Fungua akaunti ya ndani, mtumiaji wa kawaida, uiite Wageni. Nenda Settings, Accounts, Other users, Add account. Ukurasa ukiuliza barua pepe, chagua I don't have this person's sign-in information, kisha Add a user without a Microsoft account.

Kama dada anakaa nanyi na anaitumia mara kwa mara, mfungulie akaunti yenye jina lake. Naye ana picha na barua zake, na ana haki ya faragha kama yeyote mwingine mle ndani. Angalizo moja: akaunti ya Wageni haina vikomo vya Family Safety. Iwekee nenosiri ambalo watoto hawalijui, la sivyo ndiyo watakayohamia muda wao ukiisha.

## Muda wa skrini

Naweka vipi saa za kutumia kompyuta?

Kwenye Family Safety bonyeza jina la mtoto, kisha Screen time. Kila siku ya wiki ina mambo mawili: jumla ya muda, na saa ambazo muda huo unaweza kutumika. Unaweza pia kukipa kikomo chake kila gemu au programu, ili Word ibaki wazi hata muda wa gemu ukiwa umekwisha.

Hapa kuna kosa ninalokutana nalo kila likizo ya Juni, nami huulizwa kwa nini kompyuta haimruhusu mtoto mchana ila usiku wa manane. Mzazi alikusudia saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku, akaandika 11 na 1. Kompyuta husoma saa za kizungu: saa 11 jioni yetu ni 5:00 PM, saa 1 usiku ni 7:00 PM. Angalia pembeni mwa skrini saa inavyoonekana kabla hujaandika kikomo, na hakikisha umeweka PM pale panapostahili.

Dakika ngapi kwa siku? Mimi siamini katika idadi moja kwa wote. Saa moja ya kutengeneza picha au kujifunza kuandika programu si sawa na saa moja ya video zinazojifungua zenyewe moja baada ya nyingine. Anza na muda ambao kweli mnaweza kuufuata, na jambo la kuwa mkali nalo liwe saa ya kulala.

Muda ukiisha katikati ya kazi ya shule?

Mtoto huonywa kabla, na ukiisha anaweza kubonyeza kitufe cha kuomba muda zaidi. Ombi hukufikia kwa barua pepe au kwenye programu ya Family Safety ya simu, nawe unachagua kumwongezea kiasi gani au kukataa. Mfundishe kuhifadhi kazi mara tu anapoonywa. Kama maombi yanakuja kila siku ya shule, kikomo chako ni kidogo mno, kibadilishe.

Bando likiisha au mtandao ukikatika, vikomo vinaondoka?

Vikomo vilivyokwisha kufika kwenye kompyuta hubaki. Kinachosimama ni mawasiliano: ombi la mtoto halikufikii, kibali chako hakimfikii, na badiliko ulilofanya kwenye simu husubiri mtandao urudi. Ndiyo maana mzazi aliye safarini akibadili vikomo na kompyuta ya nyumbani haina intaneti, mtoto ataendelea na vya zamani.

Sina intaneti nyumbani kabisa. Naweza kuzuia saa?

Unaweza, kwa akaunti ya ndani. Ukiwa msimamizi, tafuta Command Prompt, yaani dirisha la kuandikia amri, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Run as administrator, kisha andika kwa mfano:

net user amina /times:M-F,16:00-18:00;Sa,09:00-12:00

Hapo akaunti ya amina itakubali kuingia Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni, na Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Kuondoa kikomo, andika net user amina /times:all. Amri hii ina upungufu mmoja: huzuia kuingia tu. Aliyeingia saa 12 kasoro dakika 5 hatolewi saa 12 ikifika, itabidi wewe ukamwambie.

## Tovuti, video na bando

Kichujio cha Family Safety kinazuia nini hasa?

Ukiwasha kichujio kwenye sehemu ya Content filters, tovuti za ngono huzuiwa na utafutaji wa Bing hubaki katika hali salama. Unaweza kuongeza tovuti za kuzuia, au kugeuza mambo: mtoto afungue zile ulizoziorodhesha tu. Kwa wadogo njia hii ya pili naipenda zaidi. Kwa mtoto wa shule ya msingi, tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na nyingine 5 au 6 zinamtosha kwa muda mrefu.

Kichujio kinafanya kazi ndani ya kivinjari cha Edge. Kwa sababu hiyo, ukikiwasha, vivinjari vingine maarufu hufungiwa. Wazazi wengi huona Chrome imekataa kufunguka, wakadhani imeharibika, wakairuhusu. Ukiiruhusu, kumbuka kwamba ndani yake kichujio hicho hakipo.

Mwanangu ni mtumiaji wa kawaida lakini bado amesakinisha kivinjari na gemu. Imekuwaje?

Hili huwachanganya wengi. Zipo programu zinazojisakinisha ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, na huko hazihitaji kibali cha msimamizi. Kisakinishi cha Chrome, kwa mfano, kitaomba kibali. Ukikataa, kinajiweka kwa ajili ya mtumiaji huyo peke yake. Roblox nayo hukaa kwenye folda ya mtumiaji.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, nenda Settings, Apps, Advanced app settings, na kwenye Choose where to get apps chagua duka la Microsoft pekee. Ya pili, fungua orodha ya programu ndani ya Family Safety mara kwa mara na uzuie usizozitaka.

DNS ni nini, na inanisaidiaje?

Ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani yake. Zipo DNS zinazokataa kutaja anwani za tovuti chafu, na ni za bure. Cloudflare wana 1.1.1.3 na 1.0.0.3 zinazozuia ngono na virusi. OpenDNS FamilyShield ni 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Faida yake kubwa ni kwamba hufanya kazi kwenye kivinjari chochote na kwa akaunti ya ndani pia.

Kama mnatumia ruta, iweke kwenye ruta, nayo italinda simu na televisheni zilizounganishwa. Ukurasa wa ruta mara nyingi uko 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ruta nyingi ndogo za Huawei ziko 192.168.8.1. Badili nenosiri lake la kiwandani, maana watoto hulisoma kwenye stika iliyobandikwa chini.

Kama intaneti yenu ni ya kuunganisha kutoka kwenye simu, iweke kwenye kompyuta yenyewe: Settings, Network & internet, Wi-Fi, Hardware properties, kisha Edit penye DNS server assignment, uchague Manual. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuibadilisha.

DNS hiyo inaweza kurukwa?

Ndiyo. Programu ya VPN, inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali, huiruka, na baadhi ya vivinjari vina mpangilio wao wa DNS salama unaokwenda kwingine. Kwa mtoto wa miaka 8 si tatizo. Kwa kijana wa miaka 15 anayejua anachotafuta, DNS inamkinga asijikwae kwa bahati mbaya. Anayekwenda kwa makusudi anahitaji mazungumzo.

Na YouTube?

Kuna Restricted Mode, iliyo chini kabisa ukibonyeza picha ya akaunti. Huficha video nyingi za watu wazima na pia maoni yaliyo chini ya video. Huwashwa kwa kila kivinjari peke yake, hivyo usidhani kuiwasha kwenye Edge kumeiwasha na kwenye Chrome. Haikamati kila kitu, hasa video za Kiswahili zenye matusi, ambazo nimeziona zikipita mara nyingi. Kwa wadogo tumia YouTube Kids.

Nazuiaje watoto wasimalize bando?

Kwenye mipangilio ya Wi-Fi mliyounganishwa, washa Metered connection ili Windows ipunguze upakuaji wake. Kuweka kikomo cha data, nenda Advanced network settings, kisha Data usage. Kwenye YouTube shusha ubora wa video hadi 360p. Kwa katuni, mtoto hataona tofauti.

Je, nisome kila anachofungua?

Family Safety ina Activity reporting inayoonyesha tovuti, utafutaji na muda wa kila programu. Kwa mtoto mdogo, iwashe na umwambie iko. Kwa kijana, mimi hupendelea kuangalia muda tu na kuacha orodha ya tovuti, isipokuwa kuna jambo lililonitia wasiwasi. Kumpeleleza kwa siri kuna gharama: siku atakayogundua, na atagundua, hatakuletea tena tatizo lake, hata lile kubwa ambalo wewe ndiye ungelimaliza.

## Nywila, hitilafu na hali ngumu

Mtoto ameijua PIN yangu. Ameijuaje?

Alikuwa amesimama nyuma yako. PIN yangu ya kwanza ilikuwa mwaka wangu wa kuzaliwa, na mwanangu wa darasa la nne aliniambia waziwazi kwamba alifuata kidole changu siku tatu mfululizo, kila siku akishika tarakimu moja, ya mwisho akaikisia. Badili: Settings, Accounts, Sign-in options. Weka tarakimu 6 au zaidi zisizo tarehe ya mtu wa nyumbani, na jizoeze kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L kila unapoinuka. Mlango unaovuja zaidi nyumbani ni kompyuta ya mzazi iliyoachwa wazi mzazi akienda kuepua sufuria.

Nimesahau nenosiri la msimamizi.

Kama ni akaunti ya Microsoft, tumia kiungo cha I forgot my PIN au nenosiri pale pa kuingilia. Utatumiwa namba ya uthibitisho kwenye simu au barua pepe nyingine. Ukibadili laini ya simu, ibadili na kule, kwa sababu namba hiyo huenda kwenye laini iliyosajiliwa.

Kama ni akaunti ya ndani, jibu yale maswali 3 ya usalama uliyowekewa ulipoifungua. Ukiyakosa, msimamizi mwingine anaweza kukubadilishia. Kama hayupo, kinachobaki kwa kawaida ni kuisafisha kompyuta upya. Kwa hiyo nashauri nyumba iwe na wasimamizi wawili, baba na mama, au mzazi na mtu mzima anayeaminika.

Kompyuta inadai ufunguo wa tarakimu 48. Nini hiki?

Ni ufunguo wa kurejesha diski iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa kuwa msimbo ili asiye na ufunguo asiisome. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 husimba diski zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Tumia simu, ingia account.microsoft.com, tafuta kompyuta yako kwenye vifaa. Kama akaunti iliyotumika siku ya kwanza ilikuwa ya fundi wa dukani, ufunguo uko kwake. Ndiyo sababu usikubali fundi akuwekee Windows kwa barua pepe yake.

Nimenunua laptopu ya mtumba na ina akaunti ya mtu nisiyemjua.

Usianze kuweka vikomo juu yake. Mwenye akaunti hiyo bado anaweza kuwa msimamizi, na kama ilikuwa ya ofisi, huenda ofisi bado inaitambua. Isafishe kwanza: Settings, System, Recovery, Reset this PC, kisha Remove everything. Ikikataa kwa sababu huna nenosiri, irudishe kwa muuzaji aisafishe mbele yako kabla hujamaliza kulipa.

Mtoto anaweza kuingia kwa flashi na kuruka yote haya?

Anayejua anaweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine usio Windows, na huko hakuna kikomo hata kimoja. Weka nenosiri kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, na uzuie kuwasha kwa flashi. Nenosiri hilo liandike kwenye daftari mnamohifadhi hati za nyumba, kwa sababu ukilisahau, kwenye laptopu nyingi si rahisi kuliondoa.

Nikifuta akaunti ya mtoto, kazi zake zinabaki?

Hapana. Kufuta kunaondoa folda zake zote kwenye kompyuta hiyo. Nakili kwanza kwenye flashi au folda ya Public. Kumwondoa kwenye kundi la familia ni jambo lingine: vikomo vinaondoka, faili zinabaki.

Kuna mtu mzima anamwandikia mwanangu ndani ya gemu, anamwomba picha.

Usimfokee mtoto, na usifute chochote. Piga picha za skrini za mazungumzo na jina la mtumiaji, mzuie na umripoti ndani ya gemu, kisha peleka taarifa polisi, dawati la jinsia na watoto kama mko Tanzania. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure Tanzania na Kenya. Kama zipo picha za utupu za mtoto yeyote, usizinakili wala kuzituma kwa mtu, hata kwa nia ya kuwaonya wazazi wengine, kwa kuwa kuzisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya Tanzania.

## Kompyuta nyingine, na mwisho wa safari

Sisi tuna Mac. Je, Linux na Chromebook?

Mac: akaunti ziko System Settings, Users & Groups, na vikomo viko Screen Time, iliyokuja na macOS Catalina mwaka 2019. Chromebook husimamiwa kwa Family Link. Zima pia kuingia kama mgeni, maana huko vikomo havimfuati mtoto. Kwenye Ubuntu na Linux Mint, mtumiaji wa kwanza ndiye msimamizi, hivyo awe wewe. Kwa muda wa skrini wengi hutumia programu ya Timekpr-nExT. Maelezo ya DNS hapo juu yanafaa kwa zote.

Binti anakwenda chuo na laptopu hii. Nimwachie vikomo?

Akifika miaka 18 mwondoe kwenye vikomo na umfanye msimamizi wa kompyuta yake. Fanyeni pamoja, mezani, wiki chache kabla hajaondoka: mwonyeshe kidirisha kile kinachofifisha skrini, aone ni programu gani inaomba na imetengenezwa na nani kabla hajabonyeza Yes. Hamisheni ufunguo wa diski na namba ya simu ya uthibitisho viwe vyake.

Tunaiuza. Nifanye nini na akaunti zote hizi?

Nakili faili za kila mmoja, kila mtu athibitishe zake. Toka kwenye vivinjari na barua pepe. Fanya Reset this PC kama ilivyoelezwa kwenye swali la laptopu ya mtumba, ukichagua kusafisha diski, si kuondoa faili tu. Mwisho ingia account.microsoft.com, kwenye vifaa, uiondoe kompyuta hiyo kwenye akaunti yako na kwenye ya kila mtoto.